Fungu la Wasiokuja

Majina niliyaandika mimi, Mwanasiti binti Jumaa, wa Jomvu Kuu, mke wa Maalim Mahfudh. Nalisema hili mapema kwa sababu mtaani kwetu lawama hutembea nyumba kwa nyumba mpaka zimpate mnyonge wa kuzibeba, na safari hii walishaanza kumtazama jirani yangu Intisar, ati kwa kuwa yeye ndiye msomi. Intisar hakuandika hata herufi moja. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na hati ni yangu. Hasira niliyo nayo, sehemu yake najikasirikia mwenyewe. Sehemu iliyobaki, na ndiyo kubwa, ina wenyewe, nao nitawafikia.

Tulikuwa na zahanati. Vyumba viwili na ukumbi wa kungojea, basi. Kiwanja walikitoa wazee wetu zamani za manispaa, na mawe wakayabeba kwa mikono yao. Mimi nimeifagia zahanati ile miaka ishirini na miwili mpaka nikastaafu. Haikuwa na makuu. Siku nyingine kabati la dawa lilikuwa tupu kama tumbo la mfungaji wa Ramadhani. Lakini ilikuwa na kitanda, maji safi, na Sista Jumwa, muuguzi wetu, Mgiriama wa Kaloleni ambaye mikono yake ni miepesi kuliko ya mama mzazi.

Mume wangu ana sukari. Mwaka juzi alikanyaga kipande cha kombe la pwani, asihisi kitu, na kidonda kikafunguka chini ya kidole gumba. Tangu hapo, kila baada ya siku moja, Jumwa humsafisha na kumfunga bendeji mpya. Kutoka mlangoni kwetu hadi zahanati ni dakika tano kwa mguu wake mbovu na bakora yake. Siku moja Jumwa aliniita kando akaniambia, "Mama, kidonda hiki kinapona. Lakini chataka mkono safi na chataka mazoea. Kikikaa wiki mbili hakikuonwa na mtu, basi tutaanza kuzungumza habari ya kukata."

Ndiyo maana nasimulia. Watu wa ofisi wanasema zahanati, zahanati, na mimi nauona mguu wa Mahfudh.

Ugatuzi ulipokuja tulishangilia, na mimi mwenyewe nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Tuliambiwa serikali imeshuka kutoka Nairobi mpaka barazani kwetu. Kilichoshuka mwanzo ni rangi. Walikuja wakazifuta kuta rangi ya manispaa, wakatia ya kaunti, wakabandika kibao kipya. Kisha ukaja mstari wa wadi. Aliyeuchora simjui, ila najua ulipopita: katika kijia kile kile kinachotoka majumbani kwetu kwenda zahanati. Nyumba zetu zikawa wadi ya huku, zahanati ikawa wadi ya kule. Hatukujali. Kidonda hakiulizi wadi.

Miaka ikapita hivyo. Mwaka jana wakubwa wa kaunti wakaamua kupanga upya huduma. Wakahesabu wakaona wadi ya kule ina zahanati yetu na pia ina kituo cha afya kipya, ng'ambo ya barabara kuu yanakopita malori ya makontena. Viwili ni vingi, wakasema. Sisi hilo hatukuambiwa waziwazi. Tulichopata ni tangazo la kikao cha wananchi kuhusu kuboresha huduma za afya, Jumamosi, uwanja wa shule. Nani asiyetaka kuboreshewa?

Nilikwenda. Pale turubai lilisimamishwa, na viti vya plastiki, na afisa mmoja mpole, Bwana Gedion, shati lake limepigwa pasi ya kukata mkate. Alizungumza muda mrefu kwa lugha ambayo kila neno ni Kiswahili na jumla yake si kitu. Intisar aliinuka akauliza, "Yaani zahanati yetu mwaifunga?" Bwana Gedion akatabasamu akasema, "Hakuna kitakachofungwa bila nyinyi kushirikishwa, dada yangu." Tukampigia makofi. Naona haya kuyakumbuka makofi yale.

Kisha ikazungushwa karatasi ya waliohudhuria, na nyuma ya turubai nikaona makreti ya soda na keki zilizofungwa moja moja.

Hapa ndipo nilipokosea, na nitaeleza kwa nini, maana mtu asiye wa kwetu hawezi kuelewa. Kwetu shughuli ikiwa, iwe harusi au maulidi, asiyekuja hasahauliki. Yuwaumwa, yuko kazini, ana eda, ni mkongwe, vyovyote, fungu lake huwekwa na hupelekewa nyumbani. Mwanamke anayerudi kutoka shughulini mikono mitupu, hali jirani yake amelala kitandani, huyo hana malezi. Nilipoona karatasi na kuona soda, akili yangu ilifanya kazi iliyofundishwa na mama yangu. Nikaandika jina langu. Nikaandika la Mahfudh, maana mguu ulikuwa umevimba siku ile. Nikaandika ya majirani wa kulia, ya majirani wa kushoto, ya wavuvi waliokuwa majini, ya bibi mmoja kipofu. Nikamwandika hata Ikhlas, mtoto wa Intisar wa miezi mitatu, aliyeachwa nyumbani, kwa kuwa na mtoto naye ana fungu lake.

Bwana Gedion alisimama nyuma yangu akiniangalia. Nikamwambia, "Hawa hawakuwahi kuja, mwanangu, nawachukulia fungu lao. Nambari za vitambulisho sizijui."

Akasema, "Haidhuru, mama. Andika tu. Wote ni wananchi."

Haya maneno aliyasema kwa kinywa chake. Nikaandika majina arubaini na mawili juu ya langu, nikatia na sahihi, moja ya mkia, moja ya duara, ili isionekane kama nimefanya uvivu. Nikarudi na beseni la soda kichwani, Intisar nyuma yangu na keki, tukagawa mlango hadi mlango. Watu waliniombea dua. Niliingia kwangu nimejaa fahari kama bibi harusi.

Wiki tatu baadaye karatasi ikabandikwa mlangoni mwa zahanati. Ilisema kwamba wakazi themanini na saba walishirikishwa na kuridhia kuunganishwa kwa zahanati hii na kituo cha afya cha ng'ambo, na kwamba huduma zitakoma mwisho wa mwezi. Chini yake wametoa kopi ya orodha. Mahfudh alikuwa ametoka kufungwa bendeji, akasimama na bakora yake, akaisoma yote polepole kama anavyosoma kila kitu.

"Nambari arubaini na sita," akasema. "Ni mimi huyu?"

"Ni wewe."

"Nimeridhia nini?"

Akageuka kunitazama, na wallahi, afadhali angenipiga.

"Na soda yenyewe sikuinywa," akasema. "Ina sukari."

Nililia usiku mmoja tu. Asubuhi nilivaa buibui nikaenda kuyatoa majina yangu, kwa akili yangu ya kitoto nikidhani kuwa kilichoandikwa kwa dakika kumi kitafutwa kwa dakika kumi.

Ofisi ya wadi yetu wakanipokea vizuri, wakaniketisha, wakanisikiliza, wakaniambia, "Lakini mama, zahanati ile haiko wadi hii. Nenda wadi ya kule." Nikaenda wadi ya kule. Kijibwana kimoja, hakikuinua macho kwenye simu, kikaniuliza, "Wapiga kura wapi?" Nikamwambia. "Basi wewe si mkazi wetu. Malalamiko peleka kwenu."

"Kama si mkazi wenu," nikamwuliza, "mbona ridhaa yangu mumeichukua?"

"Hiyo ni orodha, mama. Mwulize aliyeileta."

Nikaenda kwa naibu wa chifu, mtu wa heshima zake, namjua tangu yuko darasa la nne. Akaniamkia shikamoo, akanipa maji, kisha akasema yeye ni serikali kuu na afya imegatuliwa, hana mkono hapo. Nikamwambia, "Mwanangu, mguu wa mume wangu haukugatuliwa." Akacheka kwa huruma. Huruma nilizipata nyingi siku zile, ningeweza kuzipika.

Ndivyo walivyotufanya. Zamani tulikuwa na manispaa moja, mbovu, lakini ukienda kugombana ulijua mlango wa kuugonga. Leo wametupa milango mingi na nyuma ya kila mlango kuna mtu mpole anayekuonyesha mlango mwingine. Na wakati wa kutunyang'anya, milango yote ile ikawa mmoja, ikafunguka siku moja, chini ya turubai moja.

Mwisho nikampata Bwana Gedion, ofisi ya kaunti ndogo. Alinikumbuka. Nikamweleza kwamba majina arubaini na mawili si ya watu waliokuja, naye alijua, maana nilimwambia mwenyewe. Akafunga mlango, akaketi, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi sikumbuki kuambiwa. Na wewe ufikiri vizuri. Ukisema hawa hawakuwepo, basi sahihi umeghushi. Kughushi ni kesi. Utakwenda kusimama mahakamani Shanzu katika umri huo?"

Sikatai, niliogopa. Mtu aliniambia niandike, sasa yuanitisha kwa nilichoandika. Nilirudi nyumbani. Nikamwambia Mahfudh yote. Alikuwa anawasomesha Kurani watoto wa chuo, mguu ameulaza kwenye mto. Akawapa ruhusa ya kwenda, akafikiri.

"Mwanasiti," akasema, "uliandika uongo kwa wema. Sasa sema kweli, hata kama ni kwa ubaya wako. Wakikufunga, nitakuja Shanzu nitambae."

Intisar akaandika barua ya malalamiko, na tukapewa siku mbele ya kamati ya kaunti ya watu watatu, ng'ambo ya barabara kuu, mwenyekiti wao mama mmoja mwenye miwani. Nilikwenda na watu wangu. Wavuvi waliacha nyavu. Bibi kipofu alishikwa mkono. Mahfudh tulimpandisha mkokoteni, mto chini ya mguu, naye akakaa pale juu amenyooka na kanzu yake nyeupe, hakuona haya. Wengine tukavuka barabara kuu kwa miguu, malori yakitupigia honi, nusu saa kabla ya kupata nafasi, na njia ile ile ndiyo waliyotaka mgonjwa aipite kila baada ya siku moja.

Nikasimama mbele ya kamati nikasema, "Mimi nimeandika majina ya watu ambao hawakuwepo na hawakuniambia niwaandike. Nimekosa. Kama kuna pingu, mikono yangu ni hii. Lakini mkinifunga mimi, mfunge na aliyesimama nyuma yangu akaniambia niandike tu."

Bwana Gedion, aliyeketi kando ya kamati, akatazama dari.

Mama mwenyekiti akasema yawezekana wengine walikuja na sasa wamebadili nia. Hapo ndipo nilipomwita Intisar. Nikamchukua mtoto wake, nikamweka juu ya meza, katikati ya mafaili yao.

"Huyu ni nambari sitini na moja," nikasema. "Jina lake Ikhlas. Siku ya kikao alikuwa na miezi mitatu, na kwenye karatasi yenu ameridhia zahanati ifungwe. Muulizeni kama amebadili nia."

Ikhlas alilishika faili moja akalitia mdomoni. Watu walicheka mpaka wengine wakalia, na mmoja wa wanakamati naye akajisahau akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi uingie nilihisi tumeshinda. Mama mwenyekiti akavua miwani, akanong'onezana na wenzake kwa muda, akavaa tena.

"Tumewasikia," akasema. "Majina arubaini na mawili yafutwe yote. Na mama huyu asishtakiwe, kwani ni wazi hakuwa na nia mbaya."

Vigelegele vikapasua paa. Niliwakumbatia watu nisiowajua. Mahfudh, aliyeketishwa karibu na mlango, hakushangilia. Aliinua mkono wake kama anavyoinua darasani.

"Naomba kuuliza, mama. Zahanati itabaki?"

Mwenyekiti akapekua karatasi zake ingawa hakuwa akitafuta kitu.

"Mzee wangu, wamebaki arubaini na watano. Hao walikuja kikaoni?"

"Walikuja."

"Walielezwa? Walipewa nafasi ya kuuliza?"

"Waliuliza. Hawakujibiwa."

"Basi walishirikishwa," akasema. "Sheria yatutaka tuwashirikishe wananchi. Haisemi lazima wakubali. Hata wangekuwa kumi, uamuzi ungekuwa ule ule."

Nilimwuliza, "Basi mlibandika ya nini mlangoni kwamba tumeridhia?"

"Neno hilo lilikuwa makosa," akasema. "Litarekebishwa."

Na kweli, wallahi, lilirekebishwa. Kwa jambo hilo walikuwa hodari. Kesho yake asubuhi karatasi mpya ilikuwa mlangoni: wakazi arubaini na watano walishirikishwa. Neno "kuridhia" limeondoka. Tarehe imebaki pale pale. Nimehangaika siku kumi na sita, nimeuza hofu yangu yote, na nilichowatoa mikononi ni neno moja. Wakati nilipokuwa nadhani wametuibia ridhaa yetu, wao hawakuwa na haja nayo. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kuliko uongo wa Gedion. Angalau mwizi hukiona kitu chako kina thamani.

Lori lilikuja siku ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, Bwana Gedion mbele na dereva. Ilikuwa siku ya kidonda. Mahfudh alikuwa amelala kitandani chumba cha pili, mguu umefunguliwa, na Jumwa ndiyo kwanza anachovya pamba. Wachukuzi walishabeba kabati, wakabeba friji ya chanjo, wakabeba mizani ya watoto. Wakafika mlango wa chumba wakasimama. Bwana Gedion akachungulia.

"Sista, kitanda nacho kimo kwenye orodha."

"Kina mtu," Jumwa akasema, hakugeuka.

"Tutangoja dakika tano."

Mahfudh ni mtu ambaye sijamsikia akipaza sauti hata kwa mbuzi. Siku ile hakuipaza pia. "Ingia, mwanangu," akamwambia. "Usingojee nje. Ingia, kaa hapa, uone."

Gedion hakutaka, lakini alilelewa, hakuweza kumkatalia mzee. Akaingia, akasimama upande wa miguuni. Jumwa akaondoa pamba ya mwisho. Kidonda kilikuwa kimebaki upana wa sarafu, chekundu, safi, nyama mpya inaota pembeni. Mwaka mzima wa mikono ya Jumwa ulikuwa pale.

"Kilikuwa hapa mpaka hapa," Mahfudh akamwonyesha kwa kidole. "Mfupa ulionekana. Unaona sasa? Kimebaki kidogo. Hiki nacho kimo kwenye orodha yenu? Mtakihamishia wapi?"

Bwana Gedion alisema ng'ambo kuna madaktari, kuna vifaa vizuri, mzee atahudumiwa vizuri zaidi. Alisema huku anatazama dirisha.

"Nimekwambia tazama," Mahfudh akasema. "Sikukwambia useme."

Hakutazama. Akatoka akaenda kusimama kwenye lori. Nikatoka nyuma yake na kila tusi nililolijua likiwa tayari ulimini, na sikutoa hata moja, kwa kuwa nilimwona akijaribu kutia mikono mifukoni na mifuko haimpokei. Nikamchukia zaidi. Alikuwa anajua. Wote wanajua.

Jumwa hakufanya haraka. Alifunga bendeji mara mbili, akakata, akabandika, akaupapasa mguu kama mtu anayeaga. Yeye mwenyewe alikuwa amehamishwa, si ng'ambo ya barabara, bali wadi nyingine kabisa. Akanikabidhi mfuko wa nailoni wenye bendeji tatu na chupa ya dawa. "Ndizo zilizobaki, Mama," akasema. "Zatosha siku sita." Kisha akatoka nyuma, na nikasikia akipenga kamasi.

Mahfudh alishuka kitandani kwa mkono wangu. Wachukuzi wakaingia, wakaomba radhi, wakakibeba.

Tulitoka tukashika kijia chetu, yeye na bakora, mimi na mfuko. Tulipofika katikati akasimama kupumua. Nyuma yetu lori lilikuwa linapiga moto, injini ikinguruma.

"Zikisha hizi tatu," akauliza, "twende wapi?"

Miaka thelathini na minane nimeishi na mzee yule, na sijawahi kukosa neno la kumjibu. Nikamwambia tutakwenda. Kama ni ng'ambo ya malori au ni kwa Jumwa wadi ile nyingine, sikumwambia, kwa kuwa sikujua.